Tuta la Langoni

Jumatatu, 2 Septemba

Upepo wa kusini. Mvua ya mawe asubuhi. Leo Tweed ameshindwa kuruka juu ya pikipiki. Nimeliandika mara moja na sitaliandika tena.

Miaka kumi na mitatu mbwa huyu anaruka nyuma ya kiti changu kabla sijawasha. Leo miguu ya mbele ilifika, ya nyuma ikakataa. Akaanguka kwenye saruji ya karakana. Akainuka, akanusa sakafu, akajifanya alishuka kutafuta kitu. Nikatazama ukutani ili asijue kwamba nimeona.

Kumbeba haiwezekani. Akishikwa kiuno analia, na mimi daktari amenikataza kuinua chochote kizito kuliko birika.

Mke wangu Noeline anasema nilipoondoka Tweed alilia langoni mpaka saa nne. Anasema moyo wake yeye hauwezi kuvumilia kilio hicho kila siku. Jumatatu ijayo kondoo wanaanza kuzaa. Ama niwe nimepata njia ya kumpakia, ama Tweed aende mjini Invercargill kwa Shona, dada yake Noeline, akamalizie uzee wake kwenye zulia.

Zulia! Mbwa anayemsimamisha kondoo mkali kwa kumtazama tu! Mbio zimekwisha, sikatai. Lakini jicho analo.

Nikamwambia Noeline aniachie mimi, fundi nipo. Akaitazama pikipiki yangu, magurudumu yote manne na kila nilichokiongeza juu yake, akashusha pumzi. Najua alikuwa anafikiria koti lake la mvua. Ni kweli liliungua mwaka jana ndani ya kisanduku changu cha kuwapasha joto wanakondoo kwa moshi wa ekzosi. Lakini kisanduku kilipasha. Hakuna anayelisema hilo.

Jumanne, 3 Septemba

Ngazi ya kupandia! Mteremko wa bati la paa lililobaki, mbavu za mbao, bawaba za mlango wa choo cha zamani, vyote vimefungwa kwa waya wa uzio namba nane. Inakunjwa nyuma ya pikipiki. Kazi safi. Nilisimama nikaitazama kwa muda mrefu.

Tweed aliweka mguu mmoja. Bati likalia kama radi. Kondoo wote wa uwanja wa nyuma, wenye mimba zao, wakakimbilia uzio wa mbali. Tweed akaingia chini ya nyumba na hakutoka mpaka jioni, na jioni alitoka kwa sababu ya nyama, si kwa sababu yangu.

Noeline ameomba mlango wa choo urudishiwe bawaba. Nimesema utarudishiwa.

Jumatano, 4 Septemba

Jirani Ewen Pullar amepita na pikipiki yake. Mpya. Kila kitu cha dukani: sanduku la vifaa la dukani, kizimba cha mbwa cha dukani, hata mahali pa kuwekea chupa ya chai ni pa dukani. Pangu mimi ni buti la mpira lililokatwa, na chai haijawahi kumwagika ila kwenye miteremko.

Akauliza habari za Tweed. Nikasema mzima kabisa, anapumzika kwa hiari yake. Akasema, "Sawa bwana. Ila ukikwama sema, jirani. Tusifichane." Nikamwambia kwamba katika familia ya Kerse hatukwami.

Tweed alikwenda kumlamba mkono. Sikupenda.

Alhamisi, 5 Septemba

Siku mbaya. Nitaiandika kwa ufupi.

Nimehamisha winchi, ile mashine ya kuvutia kwa kamba, kutoka mbele ya pikipiki kwenda nyuma. Nikachomelea mkono wa bomba la geti kuukuu, nikaning'iniza kreti ya tufaha. Mbwa anaingia kwenye kreti, unabonyeza kitufe kwenye usukani, mbwa anapaa taratibu kama malkia. Nilijaribu na gunia la chakula cha kuku. Likapaa! Nilipiga kelele peke yangu.

Tweed hakutaka kuingia. Nikaona dawa ni kumwonyesha kwamba hakuna hatari. Nikabonyeza kitufe kwa ufito mrefu, nikiwa ndani ya kreti mimi mwenyewe.

Mimi si gunia la chakula cha kuku. Magurudumu ya mbele yakainuka juu, kitufe kikakwama, ufito ukaanguka. Nikabaki hewani, magoti yakigusa kidevu, kwa dakika arobaini. Noeline alikuwa kwenye mkutano wa maua. Tweed alikaa chini yangu muda wote, hakuondoka hata mara moja. Nilimwambia mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Aliyenikuta ni Ewen. Ndiyo. Akazima injini yake, akanizunguka mara mbili. Akauliza, "Huko juu unaona mpaka wapi, mzee?" Nikamwambia nakagua uzio. Akasema basi hataki kunikatiza kazi, akakaa juu ya tairi akala mkate wake wa jibini wote, mpaka kipande cha mwisho, ndipo akanishusha.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, Noeline amesema wakati wa chakula. Amempigia simu Shona. Zulia limefuliwa.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimesalitiwa! Saa tatu nimetoka karakanani na nikamwona Tweed ameketi juu ya pikipiki ya Ewen, langoni, masikio juu, kifua mbele, kama zamani. Mbwa wangu!

Nikamkabili Ewen. Nikamuuliza amempa nini, ini au biskuti. Akasema hajampa kitu, amepanda mwenyewe. Nikasema haiwezekani, mimi nimeshinda siku sita na mashine ya kuchomelea. Akacheka mpaka akashika uzio.

Noeline ndiye aliyenivuta mkono na kunionyesha. Langoni kuna tuta la udongo. Baba alilirundika alipochimba mtaro, na limekaa hapo miaka hamsini na nyasi zake. Ewen aliegesha pikipiki ubavuni mwa tuta. Kilele cha tuta na kiti ni usawa mmoja. Tweed alitembea tu, hatua moja, akaketi.

Kisha nikaleta pikipiki yangu, nikaiegesha palepale. Tweed akapanda tuta polepole, akavuka, akaweka kidevu chake begani kwangu. Tukazunguka mashamba yote. Kwenye uwanja wa chini kondoo mmoja alimkazia macho, na Tweed akamkazia yake, na kondoo akasimama tuli. Nilishindwa kuona njia vizuri kwa sababu ya upepo. Hapana. Haukuwa upepo.

Noeline amempigia Shona kumwambia kwamba Tweed haji. Leo nina furaha kuliko mwaka mzima.

Jumapili, 8 Septemba

Nimewaza usiku kucha. Tuta ni zuri, lakini liko mahali pabaya. Kutoka karakanani mpaka langoni ni hatua arobaini na nne. Mbwa mwenye nyonga mbovu, hatua arobaini na nne, kwenye barafu! Nani alilipanga hivi? Baba hakuwa mtu wa mipango.

Nimelihamisha kwa trekta lenye ndoo ya kuchotea. Ndoo kumi na tisa za udongo mpaka mlangoni mwa karakana. Saa tisa mvua ikaanza. Saa kumi tuta lilikuwa uji. Saa kumi na moja lilikuwa limeingia karakanani lote, chini ya benchi.

Noeline alisimama dirishani na kitambaa cha vyombo mkononi. Heri angenigombeza.

Jumatatu, 9 Septemba

Kondoo wa kwanza amezaa mapacha karibu na mtaro. Wazima wote. Nimeambiwa, sikuwepo.

Asubuhi Tweed alikwenda langoni kama kawaida. Akafika pale tuta lilipokuwa, akakuta shimo lenye maji. Akakaa kando yake akanisubiri. Nikamwita karakanani. Akanitazama, akalitazama shimo, akaendelea kukaa.

Noeline akamfunga kamba, wakavuka barabara hatua kwa hatua mpaka kwa Ewen, ambako langoni pia kuna tuta, na hakuna mtu aliyeligusa. Ewen amesema atazunguka kwake na kwangu msimu wote, na Tweed nyuma yake, na jioni atamrudisha. Alisema kwa upole, bila mzaha. Hilo ndilo lililoniuma. Walipopita uwanja wa chini niliwaona kwa mbali. Kidevu cha Tweed kilikuwa begani kwa Ewen.

Nimelia kidogo, nimekaa juu ya ndoo. Naandika kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu.

Kisha nikiwa palepale juu ya ndoo nikaliona kosa langu, na nashangaa sikuliona tangu jana. Tuta halikuwa na magurudumu! Tela la nyasi lipo, halina kazi. Udongo upo, tayari uko ndani ya karakana. Bawaba za choo pia bado ninazo.

Nimewasha mashine ya kuchomelea.