Yahusu Sikio la Mjukuu Wangu Herman na Timu ya Taifa ya Vijana

Vidunda,
Wilaya ya Kilosa,
Morogoro.

Ndugu Mhariri wa Michezo,

Mimi ni mzee wa miaka themanini na moja na nimezika mambo mengi. Nimeyazika mashamba ya mkonge ya Kilosa. Nimeizika treni ya abiria iliyokuwa ikishuka Kidatu. Nimezika mapadri wanne, wenyeviti wa kijiji sitaki hata kuwahesabu, na daktari mmoja aliyeniambia nisinunue mbegu za msimu ujao kwa sababu sitaziona zikiota. Huyo nilipeleka kuku kwenye msiba wake. Basi nisemapo jambo ujue ni mtu mzima anasema.

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama hujanizidi, na nina hakika hujanizidi, marahaba, nimekwisha kuitikia hapa hapa tusipoteze wino. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi kubwa na ndogo zimechanganyika kidogo, usizijali, maana yenyewe haikuchanganyika.

Naomba unichapie malalamiko haya wakubwa wa mpira wayaone. Mashindano ya Afrika ya vijana wa chini ya miaka kumi na saba yanakaribia, nchi yetu imo, kambi inafunguliwa karibuni, na mjukuu wangu Herman, beki ambaye hajapata kupitwa na kiumbe chochote chenye miguu miwili, ameachwa. Hakuachwa kwa mpira. Ameachwa kwa sababu wateuzi wanasema si mtoto. Sasa Ndugu Mhariri, mimi ndiye babu yake. Nani anayejua kama mtoto wetu ni mtoto, mimi au watu waliokuja na gari?

Na kanisani nimekwisha kusimama nikatangaza. Padri alikuwa anatangaza michango ya bati, nikamwomba radhi nikasimama, nikasema Herman anakwenda kuichezea Tanzania. Kwaya ikapiga vigelegele. Vigelegele havirudishwi kooni. Ninayo haya yafuatayo:

1. Salamu iliyotumika kama mtego. Wateuzi walikuja uwanja wa Mikumi siku ya Jumamosi, watoto wakapangwa mstari. Herman alifika moja kwa moja kutoka kukata miwa Ruhembe, masizi ya miwa iliyochomwa bado yako usoni. Mteuzi mmoja, kijana mwenye filimbi shingoni, alimtazama, akainamisha kichwa akamwambia shikamoo mzee, wazazi wanakaa kule kwenye turubai. Herman akaitikia marahaba.

Hapo ndipo kesi ilipoharibika. Uwanja mzima ulicheka, hata muuza miwa aliacha kumenya. Lakini nauliza, mtoto aliyelelewa afanye nini? Amepewa shikamoo, aiache ianguke chini ivunjike? Angekuwa mzee kweli angejua huo ni mtego. Kuitikia kwake ndio ushahidi wa utoto wake. Walimwacha acheze kidogo ili wazidi kucheka. Hawakuzidi. Washambuliaji watatu walimwendea, wawili wakarudi, wa tatu akaomba maji.

2. Ndevu. Eti ana ndevu. Ukoo wetu tunaota ndevu mapema kama mahindi ya vuli. Nimetazama mashindano hayo hayo kwenye banda la video pale Mikumi, nikamwona mshambuliaji wa nchi moja, sitaitaja ni majirani wema, ana upara unaorudisha mwanga wa taa za uwanjani. Mtangazaji akawa anamwita kinda. Kinda jamani! Sisi wakulima tunajua kinda ni mtoto wa ndege, hajaota hata manyoya. Yule hakuwa kinda ambaye hajaota, alikuwa ndege aliyekwisha kunyonyoka. Na alitufunga mawili, yote kwa kichwa hicho hicho. Upara wa wenzetu unaruhusiwa, ndevu zetu zina kosa gani?

3. Mwaka wa kuzaliwa. Ofisi za mpira waliniuliza kwa simu Herman alizaliwa lini. Nikajibu vizuri kabisa, alizaliwa mwaka ule tembo walipotoka mbugani wakala mahindi yetu. Yule wa kwenye simu akasema mzee, tembo wanakula mahindi yenu kila mwaka. Nikamwambia ndiyo, sasa chagua mwaka unaokufaa, sisi wa Vidunda hatuna ubishi. Akakata simu. Nimempa hiari ambayo hata hospitali hawatoi, anakata simu!

4. Mashine ya mfupa. Nimesikia siku hizi mtoto anawekwa kwenye mashine inayopiga picha mfupa wa kifundo cha mkono, mfupa ukionekana umefunga wanasema umri umepita. Mfupa! Mfupa wa mtu aliyelima mteremko wa Vidunda, ambako ukiangusha boga unalifuata mpaka bondeni, utafananaje na mfupa wa mtoto anayebonyeza simu? Mfupa ni shahidi wa kazi, si shahidi wa miaka. Wangempiga picha punda wangu wangesema alizaliwa wakati wa Mjerumani, na mimi nilimnunua juzi.

5. Hii naiacha wazi, nikikumbuka nitaijaza.

6. Sikio. Hapa Ndugu Mhariri naomba usome polepole.

Zamani kabla ya mashine kulikuwa na kipimo cha haki. Nilipopelekwa shule ya misheni mwalimu alitupanga mstari. Hakuuliza tarehe, maana nani angejua. Alisema pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa ushike sikio la kushoto. Aliyelifikia sikio alikuwa ametimiza miaka ya kuanza darasa la kwanza. Asiyelifikia alikuwa bado mdogo, akarudi kuchunga mbuzi. Ndivyo walivyopimwa watu wote wakubwa wa nchi hii wa rika langu, na nchi ikaenda.

Mimi sikulifikia. Ukoo wetu tuna vichwa vikubwa, si majivuno, ndivyo vilivyo. Nilirudishwa mwaka ule, na mwaka uliofuata, na mwingine tena. Wenzangu walikuwa ndani wanaimba a e i o u, mimi niko nje chini ya dirisha nimeuvuta mkono mpaka bega linalia. Nilikuwa nimetimiza umri, mama yangu alijua, hakuna aliyemuuliza. Nilipolifikia hilo sikio nilikuwa nimeanza kuota ndevu. Nikasoma mpaka darasa la pili, baba akaniita shambani, na ndiyo sababu unaona herufi zangu zinakanyagana.

Basi nimekaa nikawaza. Mimi nilikataliwa kwa udogo. Mjukuu wangu amekataliwa kwa ukubwa. Sasa niambieni, ukoo wetu utakuwa na umri unaotakiwa lini?

Kwa hiyo nilimwita Herman nikampima mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu. Nikamwambia pitisha mkono. Mabega yale ya kukatia miwa, shingo ile, na kichwa cha ukoo, mkono uliishia utosini ukagoma. Akasukuma, nikamsaidia kusukuma, sikio tuliliona kwa mbali tu. Kwa kipimo cha serikali, Ndugu Mhariri, Herman hajatimiza miaka saba. Timu ya chini ya miaka kumi na saba tunamkubalia kwa hisani. Kwa haki yake angekuwa nyumbani anasubiri kuanza shule.

7. Maana ya mtoto. Wakubwa wa mpira wanafikiri mtoto ni hesabu. Sisi huku mtoto ni mtu anayetumwa. Ukiweza kumwambia fulani kaniletee ugoro na akaenda, huyo ni mtoto. Herman namtuma mpaka leo. Namtuma maji, namtuma kuni, namtuma mpaka Mikumi kuniulizia bei ya mahindi, na anakwenda bila kununa. Waje wateuzi wamtume! Wakiona hakwenda nitaifuta barua hii.

Hapa lazima nikiri ukweli mmoja, maana mtani wangu Abubakari wa Kilangali atausema hata nisipousema. Alikuja na mkewe Mwanakheri kututembelea, akakuta habari ya sikio imepamba moto. Akajipima. Akalishika sikio lake mara moja kama mtu anayechuma nyanya. Mwanakheri akasema masikio yale hata angekuwa mchanga angeyafikia, sungura akiyaona atamwita mjomba. Nami nikajipima. Bega la kulia limekwisha siku nyingi kwa kubeba magunia, mkono ukaishia kwenye paji la uso. Sikulifikia!

Nikawatangazia pale pale kwamba Abubakari ni mzee na mimi ni mtoto. Abubakari, mtu mwenye hila kama watu wote wa bondeni, akajiegemeza kwenye kiti changu akasema vizuri sana, mwanangu Evarist, kaniletee maji ya kunywa, na usicheze njiani. Watu wakanigeukia wote kuona nitafanya nini.

Nilikwenda, Ndugu Mhariri. Nilikwenda nikarudi na kikombe, nikampa kwa mikono miwili. Mtu mwenye msimamo hachagui siku. Alikunywa akasema maji ya vuguvugu, rudi tena. Nikarudi tena. Nimefanya hayo kwa ajili ya Herman na kwa ajili ya Taifa, na sijui kama huko kwenye ofisi za mpira yuko hata mmoja aliyewahi kubeba kikombe kwa ajili ya timu yake.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba haya.

Kwanza, Afrika nzima irudi kwenye sikio. Kila nchi ilete watoto wake katikati ya uwanja kabla ya wimbo wa taifa, mkono juu ya kichwa, watu wote waone. Yule mwenye upara tutamwona, maana hana hata nywele za kumzuia. Mashine zipelekwe hospitali wakapimwe wagonjwa.

Pili, Herman aitwe kambini kabla timu haijasafiri, apewe jezi namba nne na kitambaa cha unahodha. Chakula asipunjwe, bado anakua.

Tatu, na hili silisemi kwa kujipendelea, kama nilivyothibitisha hapo juu mimi pia sijatimiza umri wa kuanza shule. Basi niandikishwe kama beki wa akiba. Sitacheza labda ikibidi sana. Kazi yangu itakuwa kukaa kwenye benchi na kuwaeleza wapinzani wanavyotazamika, kazi ambayo nimeifanya miaka mingi kwenye misiba ya watani na hakuna marehemu aliyewahi kulalamika. Kwenye ndege nikae dirishani, nilishakaa chini ya dirisha vya kutosha.

Nikikataliwa mimi nitavumilia, nina uzoefu. Lakini msimkatae Herman. Kila jioni anapanda mlima kutoka kwenye miwa, amechoka mpaka macho, na bado anaupiga ule mpira wake wa matambara kwenye ukuta wa jiko langu hadi giza linaingia. Ukuta umeanza kulala. Nimeuacha ulale. Nataka siku moja kabla sijafuata wale niliowazika, mtangazaji alitaje jina letu redioni, alikosee kidogo kama kawaida yao, nami nimkosoe kwa sauti watu wote wa Vidunda wasikie.

Nisalimie wenzako wote ofisini, wapiga chapa, wapiga picha, na mama anayewachemshia chai. Msalimie mkeo na watoto, wale wanaofikia masikio na wale ambao bado. Mteuzi mwenye filimbi naye msalimie, mwambie shikamoo yake tuliipokea na haina kinyongo.

Ni mimi mtiifu, ambaye nikitumwa nakwenda,

Evarist Tomasi,
beki wa akiba, Vidunda.

N.B. Kama kuna anayetilia shaka umri wa Herman asipate taabu ya kuupanda mlima huu, mashahidi wapo huko huko Ruhembe na wanakaa nyumba moja, ile ambayo Herman hushuka kwenda kulala. Yupo mkewe Yusta, aliyefunga naye ndoa mwaka ule mafuriko yalipochukua daraja. Yupo mama mkwe wake Generoza, aliyecheza ngoma ya harusi hiyo mpaka kiatu kikakatika. Na yupo binti yao mkubwa Gaudiosa, anayeanza kidato cha kwanza Januari. Muulizeni Gaudiosa kwanza, ni mtoto mkweli sana, na miaka ya baba yake anaijua yote kwa kichwa.