Ramani Nyeupe Peee

Jumatatu, 12 Agosti

Mwamba wangu, kaa chini nikupe! Siku ya sita msitu unaungua, mtaa mzima unakohoa, na mimi nimejifunza kusoma picha za setilaiti. Peke yangu! Kwa simu yenye kioo kilichopasuka! Nyekundu ni moto, kahawia ni moshi. Nimetangaza kwenye kundi la mtaa: habari za hewa, kuanzia leo, ni kwangu. Nesi wa zahanati kajibu eti ana kipima hewa dirishani, kinatosha. Kile kidude? Kinaona dirisha lake tu. Mimi naona dunia!

Jumanne, 13 Agosti

Ushindi, kiasi. Nilisema moshi utafika saa nane, ukafika saa kumi. Muuza mkaa kauliza kama setilaiti ilisimama kujaza mafuta. Nimemtoa kwenye kundi. Shangazi, aliyenilea, na pumu yake ile, kaziba madirisha kwa mataulo. Anasema yeye anamsikiliza mwanawe tu, yaani mimi. Nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Jumatano, 14 Agosti

Ramani nyeupe! Mtaa wetu wote mweupe peee! Hakuna moshi! Nikatangaza: fungueni madirisha. Nesi kaandika tusithubutu, kipimo chake kimepanda mara tatu. Wivu huo. Nikamwambia shangazi atoe mataulo. Kauliza mbona bado kunanuka. Nikasema hiyo ni harufu ya jana. Akatoa.

Alhamisi, 15 Agosti

Shangazi yuko wodini. Jana jioni midomo yake ilikuwa ya bluu. Tulimbeba mimi na nesi. Leo ndipo nesi kanieleza: nyeupe si hewa safi. Nyeupe ni pale setilaiti iliposhindwa kuona. Moshi ukizidi uzito inaudhania wingu, inaacha patupu. Nikatoka nje. Nikaifungua ramani tena.

Ijumaa, 16 Agosti

Bado yuko kwenye oksijeni. Anaongea maneno mawili, anapumzika. Ramani nyeupe tena. Nimewaza usiku kucha, Mwamba, na kosa nimelipata: ile nyeupe! Inachanganya watu! Basi nimechukua rangi za maeneo ya jirani, nikajaza patupu pote mwenyewe. Imetoka kijani, rangi ya hewa safi. Inapendeza hiyo! Sasa hivi shangazi kasogeza barakoa, kaniuliza hewa ya nyumbani ikoje, mwanangu, nirudi? Nesi kasimama mlangoni, anatikisa kichwa. Mimi ramani ninayo mkononi, kijani kitupu. Ungekuwa wewe, ungemwambiaje?