Uzinduzi wa Kituo cha Mafuta ya Kiasi kwa Waliopunguzwa Tumbo

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Makamu wake, ambaye amewahi kufika kuliko Mwenyekiti. Kaimu Makamu, ambaye nimeambiwa yuko njiani na kwa hiyo namtambua akiwa hukohuko njiani. Wakuu wa idara, vitengo, madawati na vijidawati. Wataalamu wetu mliovaa makoti meupe na kusimama mlangoni kwa unadhifu mkubwa. Wadau wa maendeleo na wadau wa wadau. Mke wangu mpenzi, mama watoto, uliyeamka alfajiri kuwakaangia wageni kuku. Na mwisho kabisa, kwa sababu hata itifaki ina mwisho wake, ninyi wagonjwa wenyewe na ndugu zenu mliokaa pale juani: nawasalimu wote, mmoja mmoja, kwa pamoja. (Makofi. Viti vya plastiki vinalia.)

Mimi, Mkurugenzi wa Lishe, Matumbo na Mambo Mengineyo, nasimama mbele yenu nikiwa nimejaa furaha, kwa kuwa leo tunazindua rasmi Kituo cha Mafuta ya Kiasi kwa Waliopunguzwa Tumbo, ambacho ndicho jengo hili mnaloliona nyuma yangu, lenye rangi mbichi, utepe mwekundu na bango ambalo nawaomba watoto wasiliguse, gundi haijakauka. (Makofi.)

Kama mnavyofahamu, wenzetu wengi sasa wanafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, yaani daktari analikata tumbo la ndani linabaki jembamba kama ndizi, ili mtu aliyeelemewa na uzito apate nafuu ya magoti, ya sukari na ya pumzi. Upasuaji wenyewe ni saa mbili tu, lakini kula baada ya upasuaji ni maisha mazima, maana mtu anarudi nyumbani, anaketi mbele ya sahani, anaitazama nayo inamtazama, hajui aanzie wapi. Na hasa mafuta. Yakatazwe? Yaruhusiwe? Yapimwe kwa kitu gani? Hapo ndipo idara yangu ilipoingia kwa framwaki pana, shirikishi na jumuishi, yenye rodimapu, paiplaini na fidibeki. (Makofi ya wadau. Wagonjwa wanatazamana.)

Tulianza na utafiti. Asilimia themanini na saba ya waliohojiwa walisema hawajui wale nini. Asilimia kumi na mbili walisema wanajua, ila walipobanwa ikaonekana hawajui. Na asilimia moja iliyobaki, ambaye ni dereva wangu, alisema ana njaa. (Kicheko. Dereva anainua mkono.) Matokeo haya yalitupa nguvu. Tukaandika Rasimu ya Kwanza ya Mwongozo, ambayo ilikuwa na sentensi moja tu, nzuri sana: mgonjwa atumie mafuta yasiyozidi vijiko nukta nukta nukta kwa mlo.

Nukta hizo, ndugu zangu, si uzembe. Nilimkataza mtu yeyote kuandika namba pale, kwa sababu kabla ya kujua ni vijiko vingapi, taifa lazima lijue kijiko ni nini. Nikaunda Kamati ya Kijiko. Kamati ilizunguka mwaka mzima, ikakusanya vijiko mia nne na sita kutoka majumbani, vingine wenyewe hawajarudishiwa hadi leo na naomba wawe na subira, vikapangwa mezani kwa ukubwa, kwa kina na kwa urefu wa mkia. Ikazuka hoja ya kijiko kilichojaa na kijiko kilichofutwa juu, tukaunda kamati ndogo. Mjumbe mmoja akajiuzulu akitetea uma. Lakini tulisimama imara, na mwezi uliopita kamati ikatoa azimio la kihistoria kwamba kijiko kitaendelea kuwa kijiko. (Makofi marefu. Wataalamu wa makoti meupe wanapiga makofi baada ya wengine kumaliza.)

(Mwanamke kijana, mtoto mgongoni, anasimama upande wa juani. "Samahani, Mheshimiwa.")

Maswali yatapokelewa kwa maandishi, binti.

("Siulizi la kwangu, baba. Ni la mama yangu. Alipunguzwa tumbo, hii ni wiki ya tano. Hospitali walisema mwongozo wa kula tutaupata hapa kituoni. Nimekuja mara tatu nakitafuta, sikioni. Mama alionja samaki wa kukaanga, akatapika siku mbili. Tangu hapo ameogopa kila kitu. Ukimwambia kuna tone la mafuta, anafunga mdomo kama mtoto. Anakunywa uji mweupe tu, basi. Nywele zinamtoka. Juzi nilimpa huyu mjukuu wake ambebe, mikono ikashindwa. Nataka kujua tu, mafuta apate au asipate, na kama apate, kiasi gani. Nikishajua hilo naondoka, sitakusumbua.")

(Sauti ya mwanamume: "Mjibu, Mheshimiwa, swali dogo hilo.")

Binti, nakushukuru kwa mchango wako. Swali lako limepokelewa, litachakatwa, na litapandishwa ngazi ya juu ambayo ni mimi, kisha nitalishusha. Nikupe moyo kwamba kwa mujibu wa takwimu mama yako yumo katika kundi la themanini na saba, kwa hiyo hayuko peke yake.

("Niko naye peke yangu, baba.")

(Minong'ono. Shangazi mmoja wa watu, mnene kidogo, aliyeketi jirani: "Kaa mwanangu, usije ukaanguka na mtoto. Atafika tu hapo, anazunguka.")

Naomba utulivu, nisipoteze ukurasa. Mnajua sera yangu: hotuba ya ofisi husomwa kama ilivyo, neno kwa neno, tena haisomwi kabla, maana kuisoma kabla ni kutowaamini walioiandika. Faili hili nimelitoa mezani kwangu asubuhi likiwa limefungwa, na nitasoma kila karatasi iliyomo bila kuruka hata moja. Ukurasa wa tisa. (Anageuza karatasi, anakohoa, anainua sauti.)

"Kwako mgonjwa. Hii ni wiki ya sita tangu nikufanyie upasuaji. Usiyaogope mafuta, ila yapime. Mwili wako bado unayahitaji. Tia kijiko kimoja cha chai kwa mlo, kilichofutwa juu, kwenye chakula kilichochemshwa au kuokwa." (Makofi ya wadau.) Asanteni. "Kitu kilichozama kwenye mafuta ya kukaangia, acha kabisa kwa sasa, kitakurudi, au kitakukimbiza chooni huku jasho likikutoka na moyo ukikudunda. Anza na yai, samaki laini, maharage yaliyopondwa. Mboga zifuate. Wali na mkate mwisho, kama nafasi ipo." (Watu wanatafuta kalamu.) "Kula polepole, tafuna mpaka kiwe kama uji. Ukishiba weka kijiko chini, hata kama limebaki tonge moja. Maji usinywe pamoja na chakula, subiri nusu saa. Vidonge vya vitamini kila siku. Ukiishiwa nguvu au ukitapika mara kwa mara, usikae nyumbani, njoo tukuone."

(Mwanamke kijana anaandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto. Shangazi amemshikia mtoto.)

"Tena nakuomba, Mheshimiwa Mkurugenzi, achana na kuku wa kukaanga. Hii ni mara ya tatu nakwambia. Kama unamwogopa mkeo, mwambie ukweli. Mimi ninashona tumbo, sishoni siri. Wako, Daktari." (Anageuza karatasi. Anairudisha. Anaisoma tena kwa macho tu.)

Ndugu wananchi, ukurasa huu una makosa ya uchapaji.

(Mke wa Mkurugenzi anasimama, mwiko mkononi. "Baba watoto, si ulisema ulikwenda kwenye mkutano wa mazingira?")

Mkutano ulikuwepo, mke wangu. Mimi nilihudhuria nikiwa nimelala.

("Wiki tatu?")

Ajenda zilikuwa nyingi.

("Na mimi kila siku nakukaangia, najua umekonda kwa kazi. Nasema nimtie nguvu mume wangu. Unakula, unasema kitamu, unakwenda kuoga. Kuoga mara nne kwa siku, na mimi nasema jamani ni joto.") (Kicheko kikubwa, kisha kinazimika, kwa sababu mama mwenyewe hacheki.)

Mama watoto, tutalizungumza katika kikao cha ndani. Niliona haya. Mtu wa Lishe na Matumbo, halafu tumbo langu mwenyewe limenishinda, nimweleze nani? Ukurasa wa kumi. Mafanikio. Idara yangu imefanikiwa, imefanikisha, na itaendelea kufanikishwa...

("Mheshimiwa, samahani." Ni mwanamke kijana tena. "Rudia hapo kwenye kijiko. Ni cha chai au cha kulia?")

Cha chai, binti.

("Na yai, anaweza? Asitapike?")

Hilo halimo kwenye karatasi. (Anaweka faili mezani.) Sikiliza. La kuchemsha. Liponde kwa uma mpaka lisionekane kama yai. Siku ya kwanza mpe nusu, na hiyo nusu aimalize kwa robo saa, umsimulie kitu huku anakula, asitazame sahani. Mafuta usimwonyeshe kwenye chupa, mpimie kwenye kijiko mbele yake, aone ni kidogo. Mimi lile nusu yai la kwanza lilipotulia tumboni nililia, nikajifungia ofisini, katibu muhtasi akadhani nimefukuzwa kazi. Mwambie aogope kuku wa leo, asiogope kijiko. Lakini, binti, mtu ambaye mikono imeshindwa kubeba mtoto, huyo si wa yai peke yake. Huyo aonwe. Leo, sio kesho.

("Sina wa kunisaidia kumbeba mpaka huko, baba. Hawezi kutembea mpaka barabarani.")

(Mke wa Mkurugenzi anampa jirani mwiko. "Dereva, washa gari. Twende tukamchukue mama yake huyu, tumpeleke." Dereva: "Mama, gari ni la msafara wa Mheshimiwa." Mke: "Mheshimiwa anahudhuria mkutano." Kicheko. Wanaondoka: mke, mwanamke kijana, shangazi akiwa bado na mtoto. Watu wengi wanawasindikiza mpaka kwenye gari na hawarudi.)

Naona mkutano umepungua kwa sababu zisizozuilika. Waliobaki, tuhitimishe kwa kauli mbiu yetu iliyopitishwa na ngazi zote. Nikisema "Tumbo dogo", ninyi mseme "Maendeleo makubwa". Tumbo dogo!

("Kijiko kimoja," wanajibu wagonjwa, wakiendelea kunakili.)

Mafuta ya kiasi!

("Kilichofutwa juu.")

Basi, hiyo nayo si mbaya. Imebaki shukrani, nami nazisoma kama zilivyo. Namshukuru mwenye duka la magodoro kwa kutuazima jengo hili, na namhakikishia kwamba bango litabanduliwa kabla ya saa saba, magodoro yake yarudi ndani. Nawashukuru vijana wa buchani kwa kuvaa makoti yao meupe yakiwa yamefuliwa. Mnaweza kwenda, wateja wanasubiri. Naomba utepe usikatwe, ufunguliwe fundo taratibu, kwa sababu saa nane unazindua kisima upande wa pili. Naishukuru Kamati ya Kijiko, ambayo itaendelea na vikao. Nawashukuru walioandika kwamba kituo hiki kimehudumia wagonjwa elfu mbili, na wagonjwa elfu mbili wenyewe, popote watakapopatikana. Na naishukuru Idara ya Ujenzi, ambayo haijawahi kuombwa kujenga kitu chochote, na kwa hiyo haijachelewa. (Hakuna makofi. Kijana wa buchani anavua koti.)

Mwisho, nimeandikiwa hapa niseme "Mungu awabariki" na niingie kwenye gari. Gari halipo. Kama kuna mtu anayemfahamu yule binti, amwambie nitafika wodini jioni kumjulia hali mama yake, kwa miguu, bila msafara. Wasiniandalie chochote. Nitakuja na mayai mawili ya kuchemsha na uma, nitaponda yangu na yake, nami nitaanza kula kwanza, aone kwamba yanakaa.