Salamu za Kaunta na Ghala

Jumatatu, 3 Machi
Bosi ametangaza. Jumamosi atachagua mmoja kati yangu na Shemeji akafungue tawi jipya. Ni mwendo wa saa tisa kwa basi. Mwaka mzima!
Mke wangu ana mimba ya miezi minane. Amesema yeye hahami, atajifungulia karibu na mama yake, niwepo nisiwepo. Kisha, huku amenipa mgongo anakunja nguo, akaongeza kwamba ni heri niwepo.
Kwa hiyo Shemeji lazima aende. Ni kaka yake mke wangu, nampenda sana. Hana mke wala mtoto wa kumsubiri. Jambo limekwisha.
Kazi yetu ni duka la vipuri vya cherehani. Programu yangu iko kaunta, yake iko ghalani. Mteja akitaka sindano, yangu inatuma ombi: ipo? Yake inajibu: ipo, rafu ya tatu. Ombi moja, jibu moja, siku nzima.

Jumanne, 4 Machi
Bosi alikuja kaunta, akavaa miwani, akasoma kioo cha kompyuta. Ghala ilikuwa imejibu: HAIPO. Akauliza huyu kalelewa na nani. Nikaeleza kwamba ni programu. Akasema hata kama, mtu mzima hajibiwi hivyo.
Nikapata wazo papo hapo! Shemeji ana akili, lakini majibu yake hayana adabu. Nikamwambia Bosi kwamba kwangu mimi adabu ndiyo kwanza. Akaguna. Mguno mzuri.

Jumatano, 5 Machi
Nimezifundisha programu kusalimiana. Kanuni mbili tu. Shida haisemwi kabla salamu hazijaisha. Na anayeulizwa hali hujibu, kisha naye huuliza. Ndivyo mama alivyonilea.
Ghala nayo ilihitaji kanuni hizo. Shemeji alipokwenda kula, nikaketi kitini pake. Nywila yake ni jina la dada yake. Ilinichoma kidogo. Kidogo tu.
Jaribio: nikajifanya ghala, nikaandika majibu kwa mkono wangu. Hujambo? Sijambo, hujambo wewe? Sijambo, habari za kazi? Baada ya salamu ya tatu nikachoka, nikaandika: ipo. Safi kabisa! Kesho saa mbili, mbele ya Bosi.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi mmoja wa nguo, futi ya kupimia ingali shingoni, alitaka bobini mbili. Kaunta ikasalimu. Ghala ikajibu, ikauliza za nyumbani. Bosi akatabasamu. Kaunta ikasema za nyumbani njema, za huko? Ghala: njema, watoto je? Kaunta: hawajambo, wako je? Bosi akavuta kiti.
Kufikia saa mbili na nusu zilikuwa zimejuliana hali mara 14,206. Mimi huchoka. Zenyewe hazichoki! Habari ya bobini haikuguswa.
Fundi akauliza kama hawa wawili ni wachumba. Foleni ikafika mlangoni. Mtu akalalamika kutoka nyuma kwamba hata mama mkwe hasalimiwi hivi. Nikazima kaunta, nikaiwasha tena. Ikaanza upya: hujambo?
Shemeji akatoka ghalani na bobini mbili mkononi. Alizitafuta kwa macho. Akasoma kanuni zangu, akacheka hadi akashika meza. Akasema, shemeji, umezaa wastaafu wawili.
Bosi akauliza nani kafanya hivi. Nikaangalia viatu vyangu. Shemeji akasema tulikuwa tunajaribu kitu pamoja. Pamoja!

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji amerekebisha. Sasa kaunta inasema shikamoo, ghala inasema marahaba, halafu shida. Anasema marahaba haina swali ndani yake, kwa hiyo mambo yanaishia hapo. Lile jibu la HAIPO nalo limebadilika: samahani, imekwisha. Bosi amesoma mara mbili, akavua miwani, ameridhika.
Mimi sijaridhika. Kwa nini kaunta yangu ndiyo iamkie? Shemeji ni mdogo wangu kwa miaka minne! Nimemwambia hivyo. Akasema anayeomba ndiye anayeamkia. Jibu lipo. Nitalipata.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji anakwenda. Mimi nabaki! Ushindi!
Bosi anadai Shemeji aliomba mwenyewe Jumatatu, chai ya saa nne haijapoa, kwa ajili ya dada yake. Eti alisihi nisiambiwe mpaka leo, nisije nikajiona nimebebwa. Namwelewa Bosi. Hawezi kukiri waziwazi kwamba adabu yangu ilimgusa.
Mke wangu amelia kidogo huku anamkunjia kaka yake mashati. Shemeji ameniachia kiti, funguo za ghala na kikaratasi: usiguse kanuni. Chini yake ameandika nywila mpya. Ni jina langu. Machozi yakanitoka. Ghala ina vumbi.

Jumapili, 9 Machi
Nimemsindikiza Shemeji kituo cha basi. Alipoona naondoka peke yangu, akanisindikiza hadi kona. Sikukubali arudi peke yake, nikamrudisha kituoni. Akanirudisha kona. Basi nusura limwache. Dereva alitutukana wote wawili. Ndivyo wanavyoagana watu waliolelewa.
Nilipokuwa nikirudi nyumbani nikagundua kasoro kubwa. Programu zetu hazina kwaheri! Jibu likishatoka ghalani linaachwa lijiendee, kama halina kwao.
Kanuni mbili tu. Jibu lisindikizwe hadi kaunta. Na aliyesindikizwa amsindikize mwenzake kurudi.
Nimejaribu mwenyewe, kwa mkono. Safi kabisa! Kesho saa mbili, mbele ya Bosi.