Chupa ya Cheri kwa Mama Mkwe

Sikilizeni, walimu wenzangu wa Magoudjou, Moroni, na aliyesimama akae: leo mwenzenu nimeaibika hapa Mutsamudu, kisiwa cha jirani, mbele ya mama mkwe. (Bado hajawa mkwe. Ndiyo shida yenyewe.)

Mnakumbuka safari yangu. Mama yake Echati, binti ninayemposa, ana jongo, kidole gumba cha mguu kimemvimba, na bila ridhaa yake hakuna ndoa. Nami nilisoma kwenye jarida la Kifaransa kwamba cheri, yale matunda madogo mekundu ya Ulaya, huwasaidia wenye jongo. Nikazisaka Moroni nzima, hadi mpishi wa wale askari wazungu wa kukodiwa wanaomlinda rais akaniuzia chupa moja.

Leo asubuhi, uwanja wa ndege, mmoja wa askari hao mwenye bunduki akafungua mkoba wangu. Akaiinua chupa. Foleni yote ikanyoosha shingo.

"Angalia," akasema, "ndani ya hizi kuna..."

"Vitamini C," nikamalizia. "Najua, bwana. Mimi ni mwalimu wa sayansi."

Akanitazama kidogo, akanirudishia mkoba. (Nilijisifu moyoni mpaka ndege ikatua.)

Saa nne nimeketi mkekani mbele ya mama. Echati yuko nyuma ya pazia. Nikazimimina cheri kwenye sahani, nyekundu, zinang'aa, nikaanza somo langu taratibu. Zina vitamini C. Zina potasiamu, inayoufaa moyo. Zina nyuzinyuzi za kulainisha choo. Na ule wekundu wake husaidia kupunguza uvimbe.

"Si dawa, mama. Vidonge vya daktari usiviache. Lakini ukila chache kila siku, huenda maumivu yakapungua."

"Na mbegu zake?"

"Ndogo mno, kama za pera. Hapa hakuna cha kutupa."

"Nyinyi Wangazija, watu wa kisiwa cha Moroni, husifia msichokionja. Kula wewe kwanza."

Nikachukua moja, nikaing'ata kwa nguvu na meno ya mbele, ili aone kwamba ndani ni nyama tupu.

Ka! Hata jikoni walisikia.

Nikatema sahanini kokwa nzima na nusu ya jino. (Mwalimu wa sayansi, nimesahau kwamba tunda lina kokwa. Kumbe ndilo alilotaka kuniambia yule askari.) Mama akaviokota vyote viwili, akavitazama.

"Sasa nifundishe, mwalimu. Vitamini ni hii, au hii?"

Pazia likaanza kutikisika kwa kicheko. Nikashika mkoba wangu niondoke.

"Kaa," akasema mama, akijifuta machozi. "Aliyemposa mwanangu kabla yako alileta dhahabu, wala hakuuliza kidole changu kinaumaje. Wewe umekivunjia jino. Wazee wako waje Ijumaa. Na chupa nyingine."

Kisha akala tatu, akitema kokwa moja moja kama aliyezaliwa nazo.

Msinicheke, tafadhali, Echati anatosha. Na mkizipata cheri, toeni kokwa kwanza, ndipo mtafune.