Vitabu Mia Mbili na Kumi na Vinne Visivyofunguliwa

Tangazo lilibandikwa mlangoni saa mbili kamili asubuhi, likiwa na mihuri mitatu. Taasisi ya Utafiti wa Ardhi na Mazingira, hapa Sumbawanga, ilikuwa na furaha isiyo kifani kuwajulisha wananchi kwamba imepokea vitabu vipya 214 vya sayansi ya udongo, miamba, maji na hali ya hewa. Kutokana na umuhimu wa pekee wa vitabu hivyo kwa wananchi, mwananchi yeyote asivifungue.

Aliyelibandika ni Gaudiosa, mkutubi. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameomba vitabu. Sasa vilikuwa vimekuja, na kazi yake ilikuwa kufuta vumbi kabati lao kwa nje.

"Kitabu ambacho hakijazinduliwa," Mkurugenzi wake, Dakta Baltazari, alimweleza, "kiutaratibu bado ni karatasi." Kisha akafunga kabati la kioo, akaning'iniza ufunguo kwenye mkanda wake, akaondoka, ufunguo ukilia kila hatua kama kengele ya mbuzi.

Wiki ya pili akaingia mama mmoja kutoka Kizwite, udongo mwekundu umemfika vifundoni.

"Shikamoo, mama," Gaudiosa alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona mume wangu."

"Anafanya kazi idara gani?"

"Amekufa. Yumo kitabuni."

Mama huyo aliitwa Fortunata. Akaeleza kwamba miaka ya nyuma mtafiti mmoja alifika shambani kwake, akawapiga picha yeye na marehemu Yohanes. Yohanes alikuwa hapendi picha hata kidogo; hiyo ndiyo pekee aliyokubali maishani. Nyumbani hakuna hata moja. Juzi mtafiti amempigia simu: kitabu kimetoka, nakala imeletwa Sumbawanga.

Gaudiosa alipanda ngazi mbio hadi kwa Mkurugenzi.

Dakta Baltazari hakuwa mtu wa kupuuza wananchi. Siku hiyohiyo aliitisha Kamati ya Uadilifu wa Kurasa, ikakaa saa tatu na chupa mbili za chai. Kamati ikaamua hivi: mwombaji atakubaliwa kuiona picha mara itakapothibitishwa kuwa aliye kwenye picha ni yeye. Ili kuthibitisha, lazima kitabu kifunguliwe. Kitabu hakiwezi kufunguliwa kabla ya uzinduzi. Kwa hiyo ombi linashughulikiwa.

"Mwambie asikate tamaa," Dakta alisema kwa upole wa kweli. "Jalada lake tumeshalifungua. La ofisini, si la kitabu."

Uzinduzi wenyewe ukaahirishwa. Mara ya kwanza mgeni rasmi alikuwa na kikao. Mara ya pili alikuwa kwenye semina ya kupunguza vikao. Mara ya tatu utepe ulikuja wa kijani wakati barua ilisema bluu, na Kamati ikaona si busara kuzindua sayansi kwa rangi ambayo haikuidhinishwa.

Miezi minne Fortunata alikuja kila Alhamisi. Alisimama mbele ya kioo, akakitazama kitabu cha tatu kutoka kushoto, chenye jina la yule mtafiti mgongoni.

"Yohanes, maharage yameota," alikiambia. Alhamisi iliyofuata: "Yohanes, ng'ombe wa jirani wamekula maharage."

Gaudiosa alikuwa akigeukia dirishani, akijifanya anahesabu viti. Usiku hakulala vizuri, na mchana alizidi kuutazama mkanda wa Mkurugenzi, jambo lililoanza kumtia wasiwasi Mkurugenzi.

Hatimaye utepe wa bluu ukafika, na mgeni rasmi pia: Mheshimiwa Ignasi, ofisa mkubwa kutoka makao makuu, mtu mnene, mpole, mwenye miwani. Wakuu kumi na sita walipanga mstari jukwaani. Utepe ukakatwa, wote wakaketi. Dakta Baltazari akatoa kitabu chenye jalada zuri kuliko vyote, cha tatu kutoka kushoto, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Umeshavisoma, Dakta?" Mheshimiwa aliuliza, kipaza sauti kikiwa bado wazi mbele yake.

"Vyote, Mheshimiwa. Baadhi mara mbili."

Mheshimiwa akafungua katikati. "Safi. Hivi vichuguu vilivyopangana ni nini?"

Dakta alichungulia. "Hayo, Mheshimiwa, ni makaburi ya machifu wa kale."

"Mbona kuna mama amesimama juu yake, anacheka?"

"Ni mila, Mheshimiwa. Huzuni ikizidi."

"Makaburi ya nani?" Sauti ya Fortunata ilitoka nyuma kabisa, karibu na masufuria ya pilau. "Hayo ni matuta yangu! Matuta ya ntumba, unafukia majani chini, yanaoza, udongo unapata nguvu na mvua haiubebi. Nimepanda maharage hapo, chifu gani?"

Watu walicheka hadi mpishi akaangusha mwiko. Mheshimiwa alisoma maandishi chini ya picha, akamtazama mama, akatazama picha tena.

"Mama, ndiwe kweli! Panda huku."

Gaudiosa alimshika mkono, akampandisha jukwaani mwenyewe. Mheshimiwa akainuka, akampa kiti chake. Na kwa kuwa itifaki hairuhusu yeyote kukaa mgeni rasmi akiwa amesimama, wakuu wote kumi na sita wakainuka, Dakta Baltazari akiwa wa kwanza. Jua lilikuwa la utosi.

"Tueleze hayo matuta, mama," Mheshimiwa alisema. "Tumekuja kujifunza."

"Nitaeleza," Fortunata alijibu, kitabu kikiwa mapajani. "Ngoja kwanza nimwone mume wangu."

Wakangoja. Aliweka kidole chini ya uso wa Yohanes, asiuguse. Alimsalimu kwa Kifipa, polepole, akaanza kumpa habari za nyumbani: nani ameoa, nani amehama, paa limevuja wapi. Jasho lilimtiririka Dakta hadi kwenye tai. Mkuu mmoja alinong'ona kuuliza kama itachukua muda mrefu.

Gaudiosa alimwambia kwamba suala hilo linashughulikiwa.