Ukurasa wa Kulia

Jumapili, mwezi 1 Mfunguo Nane, 1329

Nimedhulumiwa! Naandika humu kwa kuwa humu hakuna wa kunipinga.

Asubuhi Bi Umulkheir ameniita kwake. Nikavaa kanzu ya Ijumaa. Shauri nililijua: mjukuu wake Mwanatumu anaolewa mwezi huu, na bibi anataka kumtunza kitabu cha dua. Maandishi keshayamaliza Mwalimu Muhdhar. Kilichobaki ni nakshi, na nakshi za nyumba ile ni zetu. Kitabu cha arusi ya Bi Umulkheir mwenyewe alikipamba marehemu baba yangu. Tangu hapo hakuna mkono mwingine uliogusa kitabu cha nyumba ile.

Nikaketi ukumbini. Yeye nyuma ya pazia. Nauona mkono tu, na pete nne. Nikageuka. Juu ya mkeka huohuo ameketi mtu mwingine, mwembamba, na kalamu sikioni. Nur bin Twahir. Wa kisiwani Ndau! Nilidhani watu wa Ndau huchora jicho kwenye omo la mtepe, mbele ya chombo, basi.

Bi Umulkheir akasema neno lake. Kitabu kinafunguka kwa kurasa mbili zinazotazamana. Wa kulia nipambe mimi, wa kushoto apambe Nur. Siku ya kumi atazitazama. Mkono utakaompendeza ndio utakaopamba kitabu chote, na kila kitabu cha nyumba ile baada ya hapo.

Nikasema inshallah. Nur naye akasema inshallah, kwa sauti tamu kuliko yangu.

Nimejiliwaza kwamba kitabu huanza kulia. Kisha nimefika nyumbani nikashika kitabu kujaribu. Mtu hushika kwa mkono wa kulia, na kidole gumba kinakaa papo hapo juu ya nakshi yangu. Ya Nur haiguswi! Ameipanga hii.

Jumanne, mwezi 3

Nimemwandikia Bi Umulkheir barua isiyo na jina. Kwamba Nur wa Ndau hajui hata kushika kalamu. Kwamba rangi zake zitahama kabla biarusi hajatoka ndani. Kwamba yupo fundi mmoja wa mtaa wa Langoni, mtu wa heshima zake, aliye tayari kuibeba kazi yote. Nikaisoma. Barua nzuri sana. Ndipo nikakumbuka kwamba Bi Umulkheir anaujua mwandiko wangu. Herufi yangu ya mimu ina mkia kama ya baba.

Hasira zikanipanda. Nikaigeuza karatasi nikachora nyuma yake lolote lililonijia: mwasumini unaopanda, bila rula, bila bikari, ukienda utakako. Hufanya hivyo nikiudhika, kwa ajili yangu tu. Mke wangu Saadiya husema karatasi hizo ndizo nzuri kuliko zote humu ndani. Saadiya hajui. Kazi isiyoagizwa na mtu si kazi. Kazi ina rula.

Kisha hila ya pili. Wekundu wa Nur unasifiwa mji mzima. Nimemtuma Saadiya nyumba waliyofikia hapa mjini, kwa mkewe, Bi Swafiya, na halua kidogo, amchimbe siri. Saadiya akachukua karatasi mojawapo sakafuni, akafungia halua, akaenda zake. Amerudi adhuhuri. Bi Swafiya amesema siri hakuna: mumewe huisaga zingefuri, lile jiwe jekundu la rangi, siku tatu, kisha hutia ute wa yai.

Siku tatu! Uongo mtupu. La yai naliamini.

Jumatano, mwezi 4

Saadiya alisema ute. Nikafikiri: ikiwa ute unafaa, kiini kitafaa zaidi. Nimetia yai zima. Kisha la pili. Kisha asali, ing'ae. Nimeipaka pambizo yote. Inametameta kama kioo! Nimeuanika ukurasa dirishani, nikatoka kutembea kifua mbele.

Heri nisingetoka. Nur hafanyi kazi ndani kama watu wenye haya. Amekaa kwenye daka la Bi Umulkheir, pale mlangoni, mbele za kila apitaye. Nikasimama kama mtu aliyeingiwa na mchanga kwenye kiatu. Nikauona ukurasa wake.

Ni mmea unaopanda. Jani la kwanza limelala, la pili linainuka, la tatu limegeuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Hakuna pande mbili zilizolingana, na bado hakuna upande uliozidi. Nilisikia maji ya moto kifuani. Kwa nini mimi sikuwaza vile? Miaka ishirini na kalamu! Mtu wa Ndau ameyatoa wapi majani yale?

Nur akaniona, akasimama, akanipa mkono. Akaniuliza kama nayapenda. Nikamwambia ni mazuri kwa mtu anayeanza. Akashukuru! Kwa dhati! Mtu mwenye kiburi namna ile sijamwona.

Alhamisi, mwezi 5

Leo nimekwenda kwa Mwalimu Muhdhar nikiwa na uso wa huzuni. Nikamwambia sipendi kumsengenya mtu. Nikamsengenya. Nilimwambia kwamba ndani ya majani ya Nur, mtu akitazama kwa kupinda shingo, pana ndege. Kiumbe mwenye roho, kando ya dua! Mwalimu akashtuka, akavaa miwani, akatoka.

Nikangoja barazani kwangu, nikisikia raha kama mtu aliyekwisha kula biriani. Baada ya saa moja Mwalimu akaja. Amesema ameutazama ukurasa wa Nur kwa kupinda shingo kulia, kwa kupinda kushoto, na shingo sasa inamuuma. Ndege hakuna. Lakini kwa kuwa ni haki, amekuja kutazama na wangu.

Nikampeleka dirishani.

Wadudu chungu. Walikuwa wameingia kwa mlolongo, wakafuata pambizo yangu ua kwa ua, kona kwa kona, bila kuruka hata moja. Wengine walikuwa wangali wakila. Wengine walikwisha kunata kwenye asali, wakafa. Mwalimu akainamisha miwani, akahesabu kimya kimya.

Kisha akasema: "Bwana Shekhan, kwa Nur sikuona kiumbe. Kwako wewe ni tisa."

Saadiya alikuwa nyuma ya mlango. Nilimsikia akijiziba mdomo kwa leso.

Jumamosi, mwezi 7

Ukurasa wa kwanza nimeuchoma. Mwalimu ameniandikia mwingine, akanionya niuweke mbali na jikoni. Zimebaki siku tatu.

Nimeamua. Kama majani yale ndiyo yanayopendwa, nami nitayatia majani yaleyale, ila bora. Tangu asubuhi nimekaa kwenye baraza inayoelekea daka alilokaa Nur, nikijifanya nadarizi kofia. Nashika majani matatu kichwani, nakwenda nyumbani mbio, nayachora, narudi. Matatu tena. Nimekwenda na kurudi mara kumi na moja. Jirani yangu Bi Kadija ameniuliza kupitia dirishani kama ni tumbo. Nikasema ndiyo. Ameniletea maji ya komamanga, nami ikabidi niyanywe mbele ya Saadiya.

Jambo la ajabu: majani haya yanaingia mkononi kwa wepesi. Hata nisipoyakumbuka vizuri, mkono unajua jani linalofuata litapinda wapi. Ndiyo ishara ya ufundi mkubwa. Fundi wa kweli humwibia mtu hata kile ambacho hajakichora bado.

Kwa kuwa mimi ni mimi, nimeyanyoosha kidogo kwa rula.

Jumanne, mwezi 10

Siku ya hukumu.

Tulikuwa ukumbini mimi, Nur na Mwalimu Muhdhar. Nyuma ya pazia Bi Umulkheir pamoja na wanawake kadhaa, Saadiya mmoja wao. Kurasa zikapitishwa chini ya pazia. Naona pete tu, zikigusa huku, zikigusa kule.

Kisha sauti: "Mbona mmepita ndia moya nyinyi wawili? Huu wa kushoto unapumua. Wa kulia ni huohuo, umekatwa pumzi. Nani amemwiga mwenziwe?"

Nikawahi! Nikasema nasikitika sana, lakini mimi ni mtoto wa fundi wa nyumba hii, sina haja ya kumwiga mtu wa Ndau, na mwenye macho ataamua mwizi ni nani. Sauti ilinipanda mpaka ikapasuka.

Nur hakujitetea. Aliinamisha kichwa. Akasema ni kweli, majani si yake. Kwamba siku kadhaa zilizopita mkewe aliletewa halua, na karatasi iliyoifunga ilikuwa na mwasumini uliochorwa na mtu asiyemjua. Kwamba aliutazama tangu alasiri mpaka magharibi, akasahau kula, na halua ikaliwa na watoto. Kwamba alitaka kumwambia Bi Umulkheir leo hiihii, kwa kuwa mwenye mkono ule ndiye anayestahili kitabu, si yeye. Akatia mkono kanzuni, akaitoa karatasi, ina mafuta, akaipitisha chini ya pazia.

Nikasikia Saadiya akisema: "Lo! Hiyo ni ya Baba Rahima."

Mwasumini wangu! Wa hasira! Ukumbi mzima ukanigeukia. Mwalimu akasema mashallah. Nur akanishika mkono, macho yamemjaa machozi, akaniita mwalimu wake. Nilianza kuvimba kwa utukufu. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa niseme jambo la unyenyekevu.

Ndipo pete zikaigeuza karatasi.

Bi Umulkheir anasoma. Kwa bahati mbaya anasoma vizuri. Aliisoma yote, kwa sauti, pole pole, akisimama penye vituo. Hajui hata kushika kalamu. Rangi zake zitahama. Mtu wa heshima zake. Alipofika mwisho akasema mimu hii aijua, ina mkia. Kisha pazia likaanza kutikisika. Wanawake wote walikuwa wakicheka. Nilikitambua kicheko cha Saadiya, kilikuwa cha mbele kabisa.

Nilitamani sakafu ipasuke. Nur akasema barua ni sahihi kabisa, hajui bado kushika kalamu, na ndiyo sababu anataka kufundishwa.

Basi! Wote wakamsifu. Mtu gani huyu, adabu gani hii! Mwasumini wangu ukasahaulika papo hapo. Hata kwa unyenyekevu ananizidi!

Hukumu: mimi nichore, bila rula, na Nur atie rangi. Pamoja. Nyumbani kwangu.

Jumapili, mwezi 15

Siku ya nne na Nur chumbani mwangu. Husaga zingefuri siku tatu. Ni kweli! Amenionyesha. Mkono wangu unauma mpaka begani, na wekundu umetoka kama moyo wa komamanga. Nachora, yeye anafuata nyuma na rangi. Kuna wakati, kati ya asubuhi na adhuhuri, kalamu yangu inakwenda na yake inakuja, nami nikajikuta naimba. Sijui kwa nini naandika hili.

Saadiya amesema sijapata kuchora vizuri namna hii tangu tuoane. Nimemuuliza kama anasifu uchoraji au rangi. Amesema kitu kimoja. Nimemwambia si kitu kimoja, achague. Amekwenda kupika.

Nur amepewa mkate wa mofa uliokuwa mkubwa kuliko wangu. Nimeipima yote miwili kwa bikari.

Jumamosi, mwezi 28

Arusi ilikuwa juzi. Nur amerudi Ndau jana na watu wake kwa mashua ya asubuhi. Aliniaga kwa kunibusu mkono, akasema kitabu ni changu, yeye alipaka tu. Nilimwambia asivunjike moyo. Sasa nimebaki peke yangu, fundi wa nyumba ya Bi Umulkheir kama baba yangu. Mwezi wa raha huu!

Leo Saadiya amenisimulia habari za upande wa wanawake. Nilimketisha, nikamtaka anieleze neno kwa neno. Amesema biarusi aliletewa kitabu juu ya sinia, kikazungushwa mkono kwa mkono, vigelegele vikapigwa. Nikamuuliza walisemaje. Amesema kila mtu alisema kizuri. Nikamuuliza kizuri wapi.

Amesema mgeni mmoja, Bi Mwanamkisi, alikishika kitabu, akakipapasa, akakinusa, akasema: "Tazameni jalada hili!" Wakalitazama. Ngozi nyekundu, laini, na ulimi unaokunjwa kufunika kurasa. Wengi hawakukifungua.

Jalada! Aliyelifunga ni Wazir, mfunga vitabu aliye jirani ya msikiti. Mtu mnyamavu, mfupi. Nimempelekea kurasa zangu mwenyewe kwa mikono yangu, nikamshukuru, hata nikamkaribisha kahawa! Miaka yote hii namsalimia, kumbe ananifunika.

Nimekaa nikafikiri mpaka alasiri. Nimepata dawa. Jalada ni nini? Ni ngozi na gundi. Mimi nimeshindwa na nini?

Nimekwenda machinjoni nikanunua ngozi mbili za mbuzi, mbichi. Zimetandazwa chumbani, juu ya meza ya nakshi. Sijui bado mtu huzifanyaje ili zisinuke. Bi Kadija amefunga dirisha lake. Saadiya amechukua mto wake na binti yetu Rahima, amekwenda kwa mamake, amesema nimwite ngozi zikiwa zimekuwa kitabu.

Kesho naanza. Haiwezi kuzidi siku tatu.